Mguu Usiouma Ndani ya Eda

Njoo ukae karibu, wewe uliye na mtu wa sukari nyumbani kwako, au uliye na sukari mwenyewe. Kaa pale unaponisikia vizuri, maana sina haja ya kupaza sauti. Nataka kukueleza habari ya mguu wangu wa kulia, uliokaribia kukatwa nami nimeketi juu ya godoro safi, nimezungukwa na watu wanaonipenda. Nitakwenda polepole. Nikisimama kidogo kueleza jambo la afya, nivumilie, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza nilitikisa kichwa tu, wala sikuelewa.

Mume wangu alifariki ghafla, asubuhi, baada ya chai. Alikuwa karani bandarini kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache na wa kucheka peke yake. Alizikwa siku ileile baada ya sala ya alasiri. Kufikia magharibi nilikuwa nimeshaingizwa chumba cha nyuma, ghorofani, nimevishwa nguo nyeupe, na wifi yangu ametandika mkeka wake mlangoni.

Kama wewe si wa pwani, nikueleze kwanza eda ni nini. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa nyumbani mwake miezi minne na siku kumi. Haolewi, hajipambi, hajitii manukato, na hatoki bila ya haja. Huku kwetu tunamwita kizuka. Hiyo ndiyo sheria, nayo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Lakini juu ya sheria, sisi watu wa Mji wa Kale tumerundika mambo yetu, mengine ya huruma, mengine ya hofu, na mwanamke aliyemo ndani hawezi kujua lipi ni la Mungu na lipi ni la majirani. Yote huja kwa sauti moja.

Sauti hiyo kwangu ilikuwa ya wifi yangu. Alikuja kutoka Bondeni na mkoba mmoja, akasema haondoki mpaka nimalize eda. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufa. Alimbeba mgongoni, akamwogesha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, na sasa amemzika. Jambo pekee alilobaki nalo la kumfanyia ndugu yake lilikuwa kuhakikisha mkewe anakaa eda isiyo na doa. Nilimwelewa. Hata leo namwelewa.

Usiku ule wa kwanza aliondoa kioo cha ukutani. Kisha akaona kioo changu kidogo cha mkononi juu ya kabati, akakitia kwenye mkoba wake.

"Kizuka hajitazami," alisema, kwa upole kabisa.

Nilitaka kumwambia kuwa kioo kile si cha uso. Nikaona aibu. Watu walikuwa bado wanalia sebuleni, nami nianze habari za nyayo?

Maana kioo kile kilikuwa cha nyayo. Hapa ndipo pa kwanza ninapoomba usinikimbie. Sukari ikikaa nyingi kwenye damu kwa miaka, huila mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mguuni mpaka kwenye ubongo. Mguu unabaki na ngozi yake, unasimama, unatembea, unavaa kiatu. Lakini umekuwa kama simu isiyo na laini. Ukichomwa na mwiba, mguu hauna namna ya kukupasha habari. Ndiyo maana kliniki walinifundisha kuangalia nyayo zangu kila jioni, kwa macho, kwa sababu siwezi kuzitegemea zinieleze zenyewe. Magoti yangu hayakunji vizuri, kwa hivyo mume wangu ndiye aliyekuwa akikishika kioo. Alikuwa anachuchumaa mbele yangu na miwani yake ikining'inia puani, anaangalia wa kulia, anaangalia wa kushoto, kisha anatangaza kama anayesoma taarifa ya habari: "Hali ni shwari." Kisha tunakwenda zetu ufukweni Mama Ngina, mimi kutembea kwa ajili ya sukari, yeye kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, akinihesabia vipande nisivyoruhusiwa.

Alipokufa, aliondoka na macho ya miguu yangu. Hilo sikulifikiria. Nililia mengine yote, hilo sikulilia.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja la mbao, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Kichochoro kati yetu ni chembamba kiasi cha kupitishiana sahani. Wifi alilifunga mbawa zote mbili, akaacha upenyo wa chini ili hewa ipite. Hewa haikupita. Ni mwezi wa joto, jasho linatoka hata ukiwa umekaa kimya, na kwa sababu kizuka hajitii manukato, udi haukufukizwa, wala karafuu, wala asumini haikuletwa kitandani. Kulikuwa na harufu ya sabuni ya mche, ya chokaa ya zamani, na yangu mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, waongozaji wa watalii waliokuwa wakitokea Ngome ya Yesu walisimama chini ya dirisha langu na kueleza habari za mlango wetu. Mlango huo ulichongwa na nani, minyororo iliyochongwa pembeni ina maana gani, mwenye nyumba alikuwa tajiri kiasi gani. Kufikia mwezi wa kwanza nilikuwa nimeihifadhi hadithi yote, na nusu yake si kweli. Niliwasikia wageni wakisema maneno ya kustaajabu, kisha hatua zao zikiondoka kwenda kwenye jua, nami nimelala nikitazama boriti za dari.

Nataka uelewe jambo moja. Hakuna aliyenifungia. Komeo la mlango wa chumba lilikuwa upande wa ndani, upande wangu. Nilikuwa nikiliangalia kutwa. Ningeweza kulivuta wakati wowote, nami sikulivuta, kwa sababu kila mtu niliyempenda alikuwa upande wa pili akiamini kuwa nikilivuta nitamdhulumu marehemu. Mtu akifungwa hivyo, hata kelele hapigi. Hushukuru kwa chai anayoletewa.

Na chai ilikuwa na sukari. Wageni hawakwisha. Mila yetu ni njema: mwenye msiba haachwi peke yake, wala haji mtu mikono mitupu. Wakaleta tende, halwa, kaimati zilizomwagiwa shira, sharubati ya ukwaju. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuniona nimeonja chake.

"Wifi, onja kidogo tu. Huyu ametoka Kisauni na jua lote hili."

"Nina sukari, wifi."

"Kwani hii ni sukari? Hii ni tende."

Mgeni mmoja, mama mnene mcheshi tuliyesoma naye, akaniunga mkono kwa namna yake: "Muacheni. Huzuni yenyewe yaichoma sukari. Mtu mwenye huzuni hata akila gunia haimdhuru." Wakacheka, nami nikacheka, nikala. Sikuwa nimecheka tangu maziko, na kile kicheko kilikuwa kitamu kuliko halwa.

Sasa hesabu mwenyewe. Kutembea hakuna. Vitu vitamu vipo. Kioo hakipo. Kilichobaki ni vidonge, na hivyo binti yangu alikuwa akinipa bila kukosa. Binti yangu huyo, wa pekee, anafanya kazi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni na kichwa kinamuuma. Ndiye aliyekumbuka siku yangu ya kliniki.

"Mama, kesho ni kliniki."

Nilimtazama wifi. Wifi akatazama chini, akipanga maneno.

"Ntamuuliza maalim," alisema.

Maalim ni mzee wa msikiti wa mtaani petu, aliyesoma na mume wangu utotoni na aliyesimamia maziko yake. Watu humwendea kwa mambo yote. Wifi alimwendea baada ya sala ya adhuhuri na akarudi na jibu.

"Amesema kizuka hatoki ila kwa dharura."

"Na kliniki si dharura?" binti yangu akauliza.

"Mama yako yuwaumwa?"

Wote wawili wakanigeukia. Nilijikagua ndani yangu. Kichwa hakiumi, tumbo haliumi, miguu haiumi. "Siumwi," nikasema, na nilisema kweli.

"Basi," alisema wifi. "Dawa utazichukua wewe mwanangu, yeye atakwenda akitoka eda. Hizo siku zaja."

Nadhani ilikuwa katika juma hilohilo alipoanza kuniletea maji. Alikuwa ameona miguu yangu imevimba kwa kukaa. Jioni, baada ya magharibi, alipanda ngazi zile zetu zilizosimama wima kama ukuta, na beseni la maji ya moto yenye chumvi, akihema kila kidato, mwanamke mzee kuliko mimi. Aliniketisha ukingoni mwa godoro, akaitia miguu yangu ndani ya beseni, akaniuliza, "Yako sawa?"

"Yako sawa," nilimjibu. Sikuona moto wala baridi. Niliona tu mapenzi yake. Alikuwa amekaa chini, kanga imemteleza kichwani, mvi zake zote nje, akiisugua miguu ya mke wa nduguye kama alivyoisugua ya nduguye mwenyewe alipokuwa mtoto. Kwa nafasi ile fupi chumba kile hakikunibana. Kisha ananikausha, ananivisha soksi nyeupe, maana alisema si vizuri kizuka kukaa miguu wazi na wageni wanapanda, na anashuka na beseni lake.

Sijui ni jioni ipi maji yalikuwa ya moto kupita kiasi. Huenda zilikuwa jioni kadhaa.

Aliyegundua ni binti yangu, na aligundua kwa pua. Siku moja ya Jumapili alikuwa amelala kando yangu mchana, tukizungumza habari za babake, akainua kichwa katikati ya sentensi.

"Mama, kuna nini humu?"

"Humu wapi?"

"Kuna harufu."

Katika nyumba yenye udi ingejificha siku nyingi. Kwetu haikuwa na pa kujificha. Akaifuata kama paka, akafika kwenye soksi yangu ya kulia. Chini ya kidole kidogo kitambaa kilikuwa kimelowa, rangi ya chai ya rangi. Alipoivuta, soksi ilitoka na ngozi. Niliona uso wake, sikuuona mguu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua kabati na kukuta nyoka.

"Mama, yakuuma?"

"Haiumi."

"Mama, naiona nyama!"

"Haiumi, mwanangu. Usipige kelele, shangazi yako amelala."

Shangazi yake hakuwa amelala. Alisimama mlangoni, akaangalia, akashika kifua. Kisha akafanya kila alichojua kufanya: akaleta manjano na asali, akaleta kitambaa safi, akauosha mguu huku akisoma dua kwa sauti ndogo. Binti yangu alikuwa ameshachukua buibui langu kwenye msumari.

"Twende hospitali. Sasa hivi."

"Mwanangu, tulia. Umemsikia mwenyewe, hauumi."

"Shangazi, kimeoza!"

"Kidonda kimechimbika kidogo, na manjano yatakikausha. Maalim kasema dharura. Dharura ni mtu analia, mtu hawezi kulala. Huyu alala, ala, azungumza. Babako hajafikisha hata arubaini, mwataka kumtembeza mkewe barabarani watu wamtazame? Waseme nini? Waseme kizuka cha nyumba ile kimeonekana mjini?"

"Waseme watakalo!"

"Wewe wasema hivyo kwa sababu ni mtoto. Mimi ndiye ntakayeulizwa na ndugu yangu."

Alianza kulia. Nami nikafanya kile ambacho wagonjwa wengi hufanya wakiona watu wao wanagombana kwa ajili yao: nikachukua upande wa amani. Nikasema tungoje siku mbili tatu, tuone manjano. Binti yangu alilitundika buibui tena kwenye msumari, polepole sana, kisha akaketi sakafuni akaegemea ukuta.

Hapa ndipo pa pili pa kueleza, na hapa ndipo penyewe. Sisi tumezoea kuyapima magonjwa kwa maumivu. Kinachouma sana ni kikubwa, kisichouma ni kidogo. Kwa mtu mzima wa afya kipimo hiki kinasaidia. Kwa mtu wa sukari kimevunjika. Kidonda kilichochimbika mpaka nyama ikaonekana, na mwenyewe anazungumza na kucheka, hicho kisichouma ndicho cha kuogopwa, kwa sababu kule kutouma kwenyewe ni ugonjwa. Mishipa imekufa. Mlinzi wa nyumba amelala na wezi wanahamisha vyombo. Mimi nilikuwa nimefundishwa hivyo kliniki, mara nyingi. Lakini mtu akiwa chumbani, saa zote amelala, anaambiwa na watu watatu kwa siku kuwa yuko sawa, yale ya kliniki huwa mbali kama habari za nchi nyingine.

Nilikaa siku hizo tatu nikiutazama mlango. Manjano hayakukausha kitu. Siku ya tatu nikaanza kusikia baridi na jua limewaka nje, meno yakagongana. Kidole kidogo kilikuwa kimeanza kuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nje mwongozaji akapita na watalii wake, akaanza: "Mlango huu, mabibi na mabwana..." Na mimi nikafikiri, waziwazi kabisa, kwamba nitatolewa kwa mlango huohuo nikiwa na mguu mmoja au nikiwa nimebebwa, na mwongozaji atangoja tupite kisha aendelee.

Nikamwita binti yangu, ambaye siku hiyo hakwenda kazini. "Mpigie maalim."

Wifi akainuka. "Ntakwenda mimi kumuuliza."

"Wewe umeshamuuliza, wifi yangu. Mimi bado."

"Sauti yako wewe? Kizuka azungumze na mwanamume?"

Nilinyoosha mkono, binti yangu akanipa simu.

"Asalaam aleikum, maalim. Ni mimi, mke wa rafiki yako."

"Waaleikum salaam, dada yangu. U hali gani? Subira yako ikoje?"

Nikamweleza. Sikuuliza kama kizuka anaweza kutoka. Nilisema nina sukari miaka mingi, nina kidonda chini ya mguu, kinanuka, kidole kimebadilika rangi, nina homa, na hakiumi. Nikamuuliza, je, kwa vile hakiumi, ni dharura?

Sauti yake ilibadilika.

"Dada yangu, mimi niliulizwa kama kizuka aweza kutoka. Nikajibu kama lilivyo. Sikuambiwa kuna sukari, wala kliniki, wala kidonda. Ningeambiwa ningesema nendeni jana. Na nani kakwambieni dharura ni maumivu? Mimi si tabibu. Dharura ya mwili yajulikana na tabibu, si mimi, wala si wifi yako. Mwende kwake. Akisema ni dharura, mimi sina neno. Na akisema si dharura, pia umekwenda kwa haja, na haja ya mchana imeruhusiwa. Kisha urudi nyumbani kwako uendelee na eda yako. Haikuvunjika." Kisha akaongeza, "Na sasa kata simu, maana mumeo angekuwa hai angenipigia kelele kwa kukuweka na maneno marefu."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Wifi yangu alikuwa amesikia yote. Alisimama pale mlangoni, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Kisha akalitoa buibui langu kwenye msumari yeye mwenyewe.

"Inuka," alisema. "Ukianguka kwenye ngazi hizi utanifia mimi, na maalim hatakuwapo."

Tulishuka vidato vile mimi nimekalia makalio kama mtoto mchanga, binti yangu chini yangu, wifi juu yangu ameshika kwapa zangu. Mlangoni jua lilinipiga usoni nikafumba macho. Watu wa barazani walitazama, ndiyo. Mmoja akasema, "Poleni jamani," akakimbia kutuitia tuktuk. Hakuna lingine lililosemwa. Hofu yote ile ya majuma, na mtaa ulikuwa na maneno mawili tu.

Hospitali muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, Mgiriama, na msalaba mdogo shingoni. Alifungua kitambaa, akaangalia, hakukunja uso. Alimwita daktari mara moja. Walipokuwa wakingoja majibu ya damu, alichukua pamba, akaisokota ncha, akanigusa nayo mguuni nikiwa nimefumba macho.

"Mama, nikikugusa sema."

Nikangoja. Nikangoja sana. Nilipofumbua macho nilimwona wifi anamtazama muuguzi, na machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa akiiona ile pamba ikipita kote, kisigino, unyayo, vidole, nami nimekaa kimya kama ninayengoja zamu.

"Kilianzaje hiki?" muuguzi aliuliza. "Hili ni lengelenge la kuungua, mama. Ulikanyaga makaa?"

"Maji," wifi alisema. "Nilimwosha kwa maji. Lakini nilimuuliza kila siku! Akaniambia yako sawa!"

Muuguzi hakumlaumu. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, wakawa magoti kwa magoti. "Mama, uliuliza mtu asiyeweza kujua. Wewe ungetia kiwiko chako mwenyewe. Mguu huu hauwezi tena kukuambia kitu, ni kama mtoto mchanga: haujui moto ni upi. Na kuuloweka hakuna haja, kwa moto wala kwa baridi. Uoshwe upesi, ukaushwe katikati ya vidole, basi."

"Kama mtoto mchanga," wifi alirudia.

"Watoto umelea?"

"Mmoja. Tumemzika juzi."

Muuguzi akamshika mikono.

Walinilaza. Sukari ilikuwa juu mno, usaha umeingia ndani mpaka kwenye mfupa wa kidole. Daktari alisema wazi kwamba ningekuja mwanzoni kingekuwa kidonda cha kufungwa bendeji, na ningechelewa zaidi ingekuwa habari ya kukata chini ya goti. Walikitoa kidole kidogo na kidole cha pili yake. Mguu ukabaki.

Nilirudishwa chumba kilekile, godoro lilelile. Nisikudanganye kwamba milango ilifunguka. Sasa nilikuwa nimefungwa mara mbili, kwa eda na kwa amri ya daktari kwamba mguu usikanyage chini hata kidogo mpaka kidonda kizibe. Hili nalo familia nyingi hulipuuza: mgonjwa anaona hakiumi, anainuka kwenda msalani kwa kisigino, na kila hatua inachana kilichoanza kushikana. Binti yangu alinunua magongo. Wifi akahamishia mkeka wake ndani ya chumba, akawa yeye ndiye anayewapokea wageni na vitu vyao vitamu, anawashukuru, anavipeleka jikoni wanakula wenyewe. Yule mama mcheshi aliporudi na kaimati zake na hadithi ya huzuni inayochoma sukari, wifi alimwambia, "Kula wewe, shoga, mwenzio huzuni imemchoma vidole." Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Eda yangu iliisha kabla ya kidonda. Wanawake walikuja, nikaoga, nikavishwa nguo ya rangi, udi ukafukizwa nyumba nzima, wakapiga vigelegele vidogo vya heshima. Wakasema, "Sasa umekuwa huru." Kisha wakashuka wote kwenda kula, nami nikabaki juu, nimenukia, mguu umewekwa juu ya mto, nikisikia sahani zikigongana chini. Muda mrefu bado ulikuwa mbele yangu. Niliuangalia ule mguu wenye vidole vitatu na sikuona kingine cha kuuambia isipokuwa asante.

Sasa nawe, kama nyumbani kwako kuna mtu wa sukari, mwambie leo avue soksi na viatu, uiangalie miguu yake wewe mwenyewe, juu, chini na katikati ya vidole. Ukiona lengelenge, mpasuko au kidonda, hata kidogo, usimuulize kama kinamuuma. Kifunike kwa kitambaa safi kikavu, usikipake kitu, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.